Gari la Kila Siku Malindi: Tengeneza Mwendo Kabla ya Kimo

Mtu akishanunua Prado ya zamani au Land Cruiser, jambo la kwanza analoulizia gereji ni kuinua. Inchi mbili, inchi tatu, tairi kubwa, gari lisimame. Mimi napinga desturi hiyo, na napinga kwa ajili ya gari lile linalopeleka watoto shule asubuhi, linalobeba saruji Jumamosi na mgonjwa usiku wa manane, kisha mara mojamoja likaenda Marafa, Ngomeni, au mpaka lango la Sala kuingia Tsavo Mashariki. Gari la namna hiyo linataka kukanyaga ardhi vizuri. Kimo kinaweza kungoja.

Kuna imani kwamba springi ndefu huinua kila kitu kilicho chini ya gari. Sivyo. Kwenye gari lenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, kama Defender ya zamani, ile Jimny ya 1998 hadi 2018, au nyuma ya Prado, difu, lile bonge la gia linalogawia magurudumu nguvu, imo ndani ya ekseli na ekseli inabebwa na tairi. Funga springi yoyote uitakayo, difu haitasogea hata sentimita moja kutoka ardhini. Kitakachopanda ni bodi. Kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, nalo huiinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Jiwe lile lililokuwa likigonga difu litaendelea kuigonga, ila sasa wewe uko juu zaidi ukilitazama.

Mbele ya Prado na Hilux, ambako kila gurudumu limeshikwa na mikono yake ya chuma, mambo yanamchosha zaidi dereva wa mjini. Springi ndefu huusukuma mkono chini, na ile nafasi ya gurudumu kushuka ikaliwa. Vuka tuta katika barabara ya Mombasa: gurudumu linataka kuifuata lami upande wa pili na halina tena pa kushukia, unasikia chuma kikigota. Shafti za mbele, zile zinazozungusha magurudumu, nazo zinazunguka zikiwa zimepinda kupita kawaida, buti zake, yaani mifuko ya mpira inayofunika maungio, zinachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Pembe za magurudumu zinabadilika, na gari ambalo lilikuwa likienda sawa linaanza kutangatanga, hata kufika Mombasa, kilomita kama 120, mikono haijapumzika. Nyuma, ile fimbo inayozuia ekseli isiende kando huivuta upande mmoja. Mabomba ya breki yanakuwa mafupi. Kila kimoja kina dawa yake, ni kweli, na kila dawa ina bei, na mara nyingi mwenye gari haambiwi bei hizo siku ya kwanza. Hilo linaniudhi.

Fedha hizo ningezipeleka kwenye shokapu. Springi hubeba uzito. Shokapu huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Huifanya kazi hiyo kwa kuilazimisha oili ipite katika vitundu vyembamba, na nguvu ya mruko ikageuka joto. Barabara ya changarawe iliyojikunja mikunjo midogomidogo ndiyo inayoitesa kuliko mashimo makubwa, kwa sababu shokapu hupanda na kushuka mbiombio bila kupumzika. Oili inapata moto, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana gari linaweza kuanza safari likiwa thabiti, halafu mbele ya safari mkia ukaanza kuteleza kwenye kona ambayo mwendo wake ni uleule. Abiria anadhani dereva amechoka. Kilichochoka ni shokapu.

Shokapu za gesi ziliundwa kwa ajili ya tatizo hilo: gesi huibana oili isitoe povu upesi. Zile za silinda moja hupoa vizuri zaidi kwa kuwa oili iko karibu na ukuta unaopigwa na upepo, lakini jiwe likiibonyeza silinda hiyo, pistoni hukwama na kazi imekwisha. Za silinda mbili huchelewa kupoa, ila hustahimili kipigo cha kokoto. Kwa gari la kila siku huku kwetu mimi huchagua za silinda mbili zenye gesi, zilizo imara, na sioni kama nimepungukiwa. Ukiona oili imetapakaa kwenye shokapu, au tairi limelika kwa mabonde mabonde, usingoje likizo.

Kisha bushi, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ya mikono na fimbo za chini ya gari. Hizi hazionekani, kwa hiyo hazisifiwi na mtu. Bushi za mpira zikifa, hata springi ya bei kali itagongagonga. Kuna wanaozibadilisha zote kwa za plastiki ngumu. Hudumu, lakini hupitisha mtetemo mpaka kwenye viti na hulia zikiingia vumbi, kwa hiyo gari la familia naliachia mpira. Na hapa namwomba kila mwenye gari asimame karibu na fundi: nati za bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa linaning'inia juu ya jeki, mpira utakaa umejisokota kila saa, na utachanika mapema bila sababu.

Springi zichaguliwe kwa mzigo wa kweli. Kuna fundi mmoja mzee wa huku ambaye hagusi spana kabla ya kuuliza: "Mwanangu, gari hili hulala na mzigo gani?" Ukimjibu kwamba ni watu na vikapu vya soko, atakwambia, "Basi nakufungia za kiasi kile kile cha kiwandani." Namheshimu kwa hilo. Springi iliyotengenezwa kubeba kilo 300 kila siku, ikifungwa kwenye gari tupu, haiinami, inaruka. Anayeumia si dereva. Ni bibi aliyekaa nyuma, ni mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kutoka vijiji vya ndani vya Magarini. Pikapu inayobeba mawe ya kujengea kila siku iongezewe jani la springi, inastahili. Ukiwa na winchi mbele na tangi la pili nyuma, yapime uzito, na springi zifuate uzito huo.

Tairi nalo ni springi, tena halihitaji fundi. Kwenye mchanga wa Ngomeni, kupunguza upepo wa tairi hadi psi 18 hivi kutakupitisha pale ambapo inchi tatu za kimo zitakuacha umezama mpaka ekseli. Beba pampu, ujaze tena kabla ya kurudi lami.

Wapo wanaohitaji kweli kuinua: wale ambao kila masika hupita njia za udongo wa mfinyanzi zenye mifereji ya malori, tumbo la gari likiburura. Hao nawaambia wasizidi inchi mbili, na bei ya kurekebisha pembe na fimbo ya nyuma wailipe siku hiyohiyo.

Wengine wote, mkishafunga vipya, lipelekeni gari likapimwe alaimenti, yaani pembe za magurudumu, kabla ya safari ndefu, na mtazame taa za mbele zisiwe zinawapofusha wanaokuja. Baada ya kilomita mia chache rudini mkakaze nati. Na kila mnapotoka ufukweni, osheni chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa vikalio vya springi na maungio ya shokapu, maana hapo ndipo kutu ya pwani hii huanzia.