Dola Mia za Betri

Karatasi ya kulipia usajili wa gari imeshaingia sandukuni tena, na humo ndani ile ada ya dola 100 ya haibridi, gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme, imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Wenye Prius, haibridi ya Toyota, wa Columbus, jimbo la Ohio Marekani, mnaijua.

Sheria ya Ohio ya 2019 ilisema gari la umeme lilipe 200 na haibridi 100, kuanzia Januari 2020. Hata isiyo na waya wa kuchajia imo. Eti hatununui petroli ya kutosha, kwa hiyo hatuchangii barabara. Haya, tupige hesabu. Kodi ya petroli ni senti 38.5 kwa galoni. Prius ya maili 50 kwa galoni, ikitembea maili 12,000 kwa mwaka, inakunywa galoni 240: kodi dola 92.40. Weka na ile mia, 192.40. Gari la maili 25 kwa galoni linakunywa 480 na kulipa 184.80. Mlafi kalipa kidogo kuliko aliyefunga!

Sasa nenda dirisha la ofisi ya usajili ukabishe, shati limepigwa pasi.

"Samahani dada, gari hili halina hata tundu la kuchajia."

Dada anaingiza herufi na tarakimu 17 za chesisi. "Kompyuta inasema haibridi."

"Betri yenyewe ni kilowatisaa 1.3 tu!"

"Kompyuta inasema haibridi."

Unatupa karata ya mwisho. "Basi betri imekufa. Sasa ni gari la petroli."

Kwa mara ya kwanza anainua macho. "Umefikaje hapa?"

Umekwisha. Prius haina staata ya kawaida. Injini huzungushwa na mota inayokula umeme wa betri ile ile kubwa. Ikifa, jaza tangi mpaka limwagike, hutoki. Foleni nyuma inacheka. Toa kadi, lipa.

Na ukivuka Toledo kuingia jimbo jirani la Michigan, haibridi ya kulipa ada kwao ni ya kuchomeka ukutani, betri kuanzia kilowatisaa 4. Prius ile ile imeponea mpakani! Indiana, jirani mwingine, wao walianza na dola 50 mwaka 2018. Jimbo la Washington ndio kabisa: gari la plagi, yaani la kuchomeka ukutani, likimudu maili 30 kwa betri peke yake, mwaka 2023 lilitozwa 225, likishindwa, 75. Prius Prime, ile Prius ya plagi, ya 2022 inaishia maili 25, imesalimika. Ya 2023 ikaja na 44 kwenye toleo la chini. Nani aliiambia ijitutumue?

Halafu pesa za barabara, barabara gani? Baridi ikiisha ni mashimo matupu, na Prius tumbo lake liko chini. Na wale wanaokuja usiku na msumeno kukata katalaiti, kile kifaa cha kusafisha moshi, chini ya gari, hasa zile Prius za 2004 hadi 2009, hawahitaji kompyuta kujua haibridi ni ipi. Fungeni ngao ya chuma, tena kwa riveti. Skrubu za kawaida wanazifungua.