Unguja haifiki milimita: data moja ya ramani au ngazi kadhaa?

Katika Natural Earth, data ya bure inayotumiwa na tovuti nyingi kuchora ramani ya dunia, ngazi (yaani nakala ya ramani yenye kiwango chake cha undani) iliyo na undani mdogo kabisa inaionyesha Tanzania kama kipande kimoja cha bara. Unguja na Pemba hazipo. Komoro haimo hata kwenye orodha ya nchi. Skeli ni 1:110,000,000, milimita moja kwa kilomita 110. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Kwa kanuni ya ukubwa, inayoacha kila kilicho kidogo mno kwa skeli, kuiondoa ni sahihi kabisa, ingawa sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar.

Watunza kanzidata wengi hupendelea kuhifadhi data moja yenye undani wote, ramani nyingine zitolewe humo na programu. Hoja yao ina uzito. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mwenye ngazi tatu alilazimika kurekebisha mara tatu. Kadaster, shirika la Uholanzi la usajili wa ardhi na ramani, ilianza mwaka 2013 kutoa ramani ya 1:50,000 ya nchi nzima kwa kompyuta, kutoka data ya 1:10,000. PostGIS 3.4, programu ya kuhifadhi data za ramani kwenye kanzidata, nayo imeleta amri ya ST_CoverageSimplify, inayorahisisha mipaka ya majirani kwa pamoja, yaani kupunguza kona zake. Kwa amri ya kawaida kila wilaya ilirahisishwa peke yake, mipaka ikaachana au ikapandana.

Lakini kupunguza kona za mstari ni kazi moja, kuamua nini kibaki ni nyingine. Kanuni ya ukubwa inakipitisha Devon cha Kanada, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani visivyo na wakazi, na inaiangusha Unguja yenye serikali na mji mkuu wake. Mchora ramani angeikuza kidogo, aisogeze mbali na pwani ili bahari ionekane katikati, au aiwekee nukta tu. Umbo hilo halimo kwenye data ya kina, na kupunguza kona peke yake hakulitoi. Lazima lihifadhiwe, na kulihifadhi ndiko kuwa na ngazi ya pili. Anayeita hiyo marudio ya data anaufuta uamuzi wa mtu pamoja na umbo lenyewe.

Ngazi peke yake haziokoi kisiwa, ni kweli: Natural Earth inazo tatu, na Unguja na Pemba zimo kwenye ile ya 1:50,000,000. Kinachohitajika ni kitambulisho kimoja kwa kila kitu katika ngazi zote, na safu ya kueleza kwa nini kimeachwa. Hapo swali fupi la SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, kabla ramani haijatoka, linataja kila kisiwa kilichodondoka bila sababu.