Kupimwa mapafu ughaibuni, mashine haipulizi jamani

Wiki iliyopita nimepimwa mapafu kwa spirometa, mashine ya kupima pumzi unayotoa, huku niliko, na ndugu zangu nyumbani wananipigia wananiambia we una bahati, uko kwenye vipimo vya kisasa, kana kwamba mashine ndo inapuliza. Mashine haipulizi. Unapuliza mwenyewe mpaka macho yanataka kutoka.

Barua ya apointimenti ilikuja mapema na masharti yake: usivute sigara angalau saa moja kabla, usile ukashiba sana, usifanye mazoezi makali, usivae nguo ya kubana kifua, inhela ya kufungua kifua usiitumie kwa saa kadhaa (ila ukibanwa kweli we tumia, ukifika waambie, usijifanye shujaa). Wanauliza pia kama juzijuzi ulipata shambulio la moyo, ulipasuliwa jicho au kifua, au unakohoa damu, maana kile kishindo cha kupuliza kinapandisha presha kifuani na kichwani.

Kufika, vua viatu, urefu, umri, jinsia, kwa sababu namba zako zinalinganishwa na za mtu mzima wa afya anayefanana na wewe. Hapa ndo nilikuwa na swali langu. Zamani hesabu nyingi zilikuwa zinaangalia na rangi, mtu mweusi anashushiwa kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 hadi 15 hivi, yaani mapafu yameanza kuharibika lakini karatasi inasema uko sawa kwa sababu ya ngozi tu! Mwaka 2022 zikatoka hesabu zisizouliza rangi, na 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza zitumike. Nikamuuliza dada wa mashine nyie mnatumia zipi, akasema hajui, akatoka kwenda kuuliza, akarudi na jibu: mpya. Hapo nawapa maksi, ukiuliza swali huku huonekani mjuaji.

Sasa kupuliza kwenyewe. Klipu puani, bomba mdomoni, midomo unaikaza hewa isivuje, unavuta pumzi mpaka kifua kimejaa pomoni, halafu unaiachia kwa nguvu zote palepale, na unaendelea kutoa hata ukiona hakuna kitu kimebaki, sekunde 6 na zaidi. Ile sekunde ya kwanza ndo yenye habari, mapafu mazima kwa kawaida yanatoa asilimia 70 au zaidi ya hewa yote ndani ya sekunde hiyo moja, mwenye pumu njia zikimbana hewa inatoka kwa kusuasua. Wanataka angalau mara tatu zenye namba zinazokaribiana, ukikosea unarudia, mwisho mara nane.

Nikakosea ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dada wa watu mpole mno, anatoa maelekezo kwa sauti ya maktaba, na mimi kila neno nalitafsiri kwanza kichwani, nikishaelewa kwamba ndo natakiwa kupuliza sekunde imeshapita.

Nyumbani ilikuwaje? Nyumbani shida ni kuifikia hiyo mashine. Mimi miaka mingi niliambiwa kifua kimeingia baridi, nikapewa antibayotiki, nikapimwa TB mara mbili, nikapigwa picha ya kifua, hakuna aliyetaja neno spirometa. Ila siku nilipoipata, yule baba mpimaji alisimama kabisa, akagonga meza: "Puliza puliza puliza! Usiache! Malizia, malizia, malizia!" Wagonjwa wa nje walidhani kuna ugomvi. Nikatoa hewa hadi ya mwaka juzi, mara tatu tu tukamaliza.

Kwa hiyo msinibishie, hiki kipimo nusu ni mashine nusu ni mtu wa kukupigia kelele, na kelele inakolea kwa lugha yako. Wewe uliye huku uliza mapema kama wana mkalimani, au mwambie mpimaji akuoneshe kwanza yeye mwenyewe. Mimi ilibidi nimwombe dada anifokee. Akacheka, akaona haya, akajaribu, ya tano ikatoka vizuri na zilizofuata pia.

Baada ya hapo nikavutishwa salbutamol, nikasubiri dakika 15 mikono inatetemeka kidogo, nikarudia upya waone kama dawa imefungua njia. Skrini imegeuziwa upande wake, grafu nikaiona kwa kuchungulia. Majibu? Daktari wako atakuandikia. Yule baba wa nyumbani alinigeuzia karatasi palepale akaniwekea kidole, ona hapa, hii ni pumu.

Leo siku ya tisa, barua bado.