Koti la Upande wa Pili

Begi langu lilipanda ndege nyingine. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa pale kaunta ya mizigo, tena kwa tabasamu. Nikabaki na fulana, ndala na maboksi ya nyaraka za kesi, ambayo wakili wetu alikataa katakata yasitoke mikononi mwangu.

Mteja wetu, mwenye duka katikati ya mji, alikuwa anapinga kibali ambacho halmashauri ilimpa mshindani wake apanue supamaketi iliyo nje ya mji, kando ya barabara kuu. Hoja yetu: halmashauri haikuangalia kwanza viwanja vya katikati ya mji, kama sera yake yenyewe inavyotaka. Msishangae. Katika kesi hizi, anayeulilia mji mara nyingi ni mfanyabiashara mwenzake. Hata kule Uingereza, aliyeishtaki halmashauri ya mji wa Dundee kwa kuwapa supamaketi ya Asda idhini ya kujenga alikuwa mshindani wao, supamaketi ya Tesco, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake.

Basi asubuhi nikatoka kutafuta nguo. Katikati ya mji, kufuli tupu. Lililokuwa wazi mnalijua. Nikanunua koti, suruali na viatu, nikavaa humo humo, nikakimbia.

Mlangoni mwa mahakama mashine ya ukaguzi ikalia. Nikatoa simu, ikalia. Nikatoa funguo, ikalia. Askari akanipapasa mpaka kwapani, akakuta kile kidude cha plastiki cha kuzuia wizi, chenye pini ya chuma, ambacho keshia alisahau kukitoa.

"Risiti iko wapi, ndugu?"

Nikaitoa. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa wakili wa supamaketi. Akachungulia jina la duka, kisha saa ya manunuzi, uso ukamchanua.

"Kaka, naomba niipige picha."

Wakili wetu alipofika kwenye hoja ya maduka ya mjini kutosheleza mahitaji ya wakazi, mwenzake akasimama. "Mheshimiwa Jaji, hata karani wa wenzetu leo amevalishwa na mteja wangu. Mjini alikosa."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikabana kwapa.

Jaji hakucheka, ingawa kalamu yake ilisimama kidogo. "Wakili, mahakama hii haiamui duka lipi ni zuri. Inaangalia kama kibali kilitolewa kwa kufuata sheria. Na koti hilo sijaliona kwenye hati yoyote ya kiapo. Endelea."

Mapumziko yalipofika, wakili wa supamaketi akajitolea kunipeleka kwa gari lake nikatolewe kile kidude. Bosi wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Haendi." Nikashinda na kwapa langu mpaka jioni, nikipitisha mafaili kwa mkono wa kushoto tu.

Baadaye nikaenda mwenyewe, kimyakimya. Keshia akaniomba radhi sana, akakitoa, akaniuliza kama nina kadi ya wateja wa kudumu. Nikasema sina.

Akanisajili.