Mwalimu mpya anapewa kile wenyeji wamekikimbia

Kila zikitoka ajira za walimu magrupu ya WhatsApp yanawaka, hongera kama zote, afu baada ya miezi michache hao hao wanatafuta mtu wa kubadilishana nae kituo, yuko Chemba huko Dodoma anataka Kibaha karibu na Dar. Wakubwa wanasema vijana hawana wito. Mi nasema wito haulipi kodi ya chumba.

Mwalimu mpya anashuka kwenye boda na begi na godoro, nyumba za mwalimu zipo mbili na zina watu, hela ya kujikimu anaambiwa inashughulikiwa, mshahara mpaka aingie kwenye mfumo, kwaiyo anakula kwa daftari la dukani na wale wa mikopo ya kausha damu nao washajua kuna mgeni. Mshahara wa kwanza ukitoka una wenyewe tayari.

Ila hayo ya hela yanasemwa kila Mei Mosi. Lisilosemwa ni la darasani. Mgeni anapewa darasa la kwanza, watoto mia na kitu wakati uwiano wa serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, wengine wamekaa chini, wengi Kiswahili ndo wanakutana nacho hapo maana nyumbani ni Kigogo, na hapo awafundishe kusoma, kuandika na kuhesabu, kazi ambayo kwa maoni yangu ndo ngumu kuliko zote primari. Anayeiweza kweli ni mama mmoja mkongwe, na yeye kajichukulia la sita (simlaumu, kachoka). Mwalimu wa taaluma anasaini andalio la somo, basi, hajawahi kukaa nyuma ya lile darasa hata dakika kumi akaona kijana anavyohangaika na sauti imekauka.

Mgeni apunguziwe vipindi muhula wa kwanza, apewe mkongwe mmoja waingie darasani pamoja, na huyo mkongwe nae apunguziwe, la sivyo atasaini tu makaratasi. MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, inataka walimu wajifunze wao kwa wao hapo hapo shuleni, ila kuna shule kikao chake kinaishia kwenye matangazo na michango ya msiba.

Najua mtauliza hivyo vipindi atafundisha nani wakati walimu hawatoshi. Sawa, na akihama je? Afu kuna mambo hayahitaji hata bajeti, mwalimu mkuu kumpigia mwenyekiti wa kijiji amtafutie kijana chumba kabla hajafika ni vocha ya jero.