Diskasheni tunazo, pepa ndiyo inayotuangusha

Mtu akiniambia wanafunzi wa Tanzania hawajui kujifunza kwa kushirikiana, huwa namuuliza kama alishawahi kulala hosteli ya chuo wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Saa nane za usiku vimbweta vyote, zile meza na viti vya kusomea vya nje, vimejaa. Mmoja kashika desa la mwaka juzi, wanne wanasikiliza, wa tano anabisha kwamba jibu la swali la tatu limekosewa. Karibu kila ninachokumbuka kuhusu hesabu za maji nilikipata hapo, na aliyenifundisha hakuwa mhadhiri. Alikuwa jamaa wa kitanda cha juu, ambaye darasani alikuwa haonekani.

Nalisema hili mapema kwa sababu tangu nihamie Aalborg, kaskazini mwa Denmark, walimu ninaofahamiana nao nyumbani hawaachi kuniuliza: huko wanawafanyaje vijana mpaka wanafikiri wenyewe? Wanategemea niseme madarasa madogo na kompyuta. Vipo, sikatai. Ila siku zote huwa nawajibu kwa habari ya mtihani, na wengi hawapendi jibu hilo.

Chuo Kikuu cha Aalborg kilianza mwaka 1974, miaka miwili baada ya kile cha Roskilde, na vyote viwili viliamua tangu mwanzo kwamba mwanafunzi atasoma ndani ya kundi na ataanza na tatizo, siyo na sura ya kwanza ya kitabu. Karibu nusu ya muhula inakwenda kwenye mradi mmoja wa kundi. Mnapewa msimamizi, mnatafuta chumba na ubao, mnakaa. Kinachomchanganya Mbongo ni kwamba swali hupewi. Mnapewa mada pana, mathalani maji ya mvua mjini, na wiki za mwanzo kazi yenu yote ni kutafuta mnauliza nini.

Kundi letu lilichukua mvua ya tarehe 2 Julai 2011, iliyoimwagia Copenhagen zaidi ya milimita 100 kwa saa chache na kujaza maji kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Desemba ya mwaka huohuo Dar nayo ilizama, Jangwani ikawa ziwa, kwa hiyo niliingia chumbani nikijihesabu mtaalamu. Tukaandika kwamba tatizo ni mabomba madogo. Msimamizi akasoma, akauliza, "Madogo kwa nani?" Kisha akakaa kimya, kimya cha Wadenmark ambacho mgeni anaweza kudhani amefukuzwa.

Ubishi ukaanza. Mwenye chumba cha chini ataona bomba ni dogo. Mweka hazina wa jiji ataona hilo lililopo tayari limemla fedha. Kampuni ya bima ina hesabu zake. Binti mmoja akasema, kama mvua ya namna hii ni ya nadra hivyo, kwa nini tuzike bomba kubwa litakalokaa tupu miaka na miaka, badala ya kuacha bustani na viwanja vishike maji kwa siku moja mbili? (Mpango ambao jiji lilipitisha mwaka 2012 unategemea sana njia hiyo ya juu ya ardhi, pamoja na mahandaki.) Mchana mzima ukaisha na hakuna aliyegusa kikokotoo. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu muda unaopotea, maana nilikotoka swali lingekuja limeshapikwa: taja sababu tano za mafuriko mijini. Ukiwa na sababu ya sita uliyoifikiria mwenyewe, haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia, basi huna kitu.

Mtihani wenyewe ndio nilitaka kufikia. Kundi zima linaingia pamoja, mbele ya msimamizi na mtahini mwingine, wakati mwingine kutoka nje ya chuo. Ripoti wameshaisoma. Wanachotaka ni kujua kwa nini mlichagua njia hii mkaacha ile, na nini kingebadilika kama takwimu mlizotumia zingekuwa na kasoro. Mwenzako akijibu, una ruhusa ya kusema hukubaliani naye na kueleza mlivyobishana, na hakuna anayekuona msaliti, bali wanaandika kitu kwenye karatasi zao. Mwisho kila mtu anapata alama yake, kuanzia 12 mpaka -3. Ndiyo, huku kuna alama chini ya sifuri.

Wadenmark wenyewe waligombana sana juu ya hili. Mwaka 2006 serikali iliamua kwamba kila mwanafunzi atahiniwe peke yake, kwa hoja ambayo hata mzazi wa Tandika angeitoa: wavivu wanabebwa. Hoja hiyo si ya kubeza. Nimewabeba watu kwenye makundi ya huku, na mmoja alikuwa na ujuzi wa ajabu wa kuumwa kila wiki ya kuandika ripoti. Lakini waliopinga walikuwa na la maana zaidi: mkishasoma kwa pamoja muhula mzima halafu mkapimwa mmoja mmoja, kila mtu ataanza kujilinda. Serikali ilipobadilika mwaka 2011, mtihani wa kundi ukaruhusiwa tena. Pande zote mbili zilielewa jambo moja ambalo kwetu tunalipita haraka, kwamba kinachosemwa ndani ya kundi muhula mzima kinaamuliwa na kile kitakachoulizwa siku ya mwisho.

Sasa rudi pale kwenye kimbweta. Watu ni walewale, usiku ni uleule, bidii pengine inazidi ya huku. Ila mtu akiuliza fomula imetoka wapi, anaambiwa aache ubishi, muda hakuna, ameze tu. Wanaomwambia hivyo si wajinga. Wameipiga hesabu pepa na wakaona swali lake haliji.

Mwalimu Nyerere aliliona hili kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Alitaka shule ijenge akili ya kudadisi, na hapohapo akasema mitihani ishushwe hadhi machoni pa serikali na wananchi. Azimio la Musoma la 1974, mwaka uleule Aalborg ilipofungua milango, likaja na kuhesabu maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku badala ya kutegemea mtihani wa mwisho peke yake. Nia ilikuwepo, basi. Mwaka 2005 sekondari zikapewa mtaala wa umahiri, unaotaka mwanafunzi aweze kutumia anachojua, na tangu Januari 2024 tuna mwingine ulioboreshwa. Katikati ya yote hayo, mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba uligeuzwa wa kuchagua herufi, mpaka hisabati. Mtaala unamwambia mtoto afikiri, pepa inamwambia aweke kivuli kwenye B.

Likizo iliyopita niliomba kuketi nyuma ya darasa la kidato cha pili, shule ya serikali, somo la jiografia. Mwalimu alikuwa ametoka semina na alijitahidi kweli. Madawati yamegeuzwa, makundi yana majina, Simba, Twiga, Chui, kila kundi lina karatasi ya bango kitita na kalamu rangi. Kazi: faida za misitu. Kwenye kundi la Twiga mmoja aliandika kutoka kitabuni, saba wakamtazama. Mabango manne yakabandikwa ukutani, yote sawasawa, yote yakapigwa vema. Kijana mmoja karibu nami akauliza, kwa Kiswahili, kama misitu ina faida zote hizi mbona kwao kila mtu anakata miti ya mkaa, ina maana hawazijui? Darasa likacheka. Akaambiwa aulize kwa Kiingereza. Akakaa.

Hilo ndilo lilikuwa swali la mradi. Aalborg lingewekewa wiki tatu: faida kwa nani, nani analipa, mama anayepikia mkaa apikie nini. Na halikuhitaji darasa dogo wala viti vya magurudumu. Watoto walikuwa wengi, lakini mmoja wao alishalitoa bure. Kwa hiyo nikisikia kwamba tatizo ni wingi wa wanafunzi tangu ada zifutwe mwaka 2016, nakubali nusu. Mwalimu mwenye watoto mia hawezi kusimamia miradi. Anaweza kuwaambia wawili wanaokalia dawati moja wabishane dakika tano, ilimradi ubishi huo uje kuwa na alama mahali.

Ninachotaka NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ifanye ni kidogo. Mwaka 2023 waliacha kutangaza shule na wanafunzi walioongoza, na anga haikuanguka. Waongeze swali moja kwa kila somo la kidato cha nne: hii hapa hali, hizi hapa taarifa mbili zinazopingana, toa msimamo wako na umjibu anayekupinga. Zitolewe alama kwa hoja, hata kama mtahiniwa kafika kwingine kuliko msahihishaji, na aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Kuhusu gharama, wasahihishaji wa kidato cha sita wanasoma insha kila mwaka na wanalipwa posho kwa kazi hiyo.