Mercer ya kale ikinunuliwa, rangi yake iachwe

Mercer Type 35 Raceabout, gari la michezo la Kimarekani, ikitangazwa kuuzwa, watu huanza kutaja mamilioni ya dola kabla hata hawajauliza kama injini inawaka. Hilo halishangazi. Gari hili lilitengenezwa Trenton, New Jersey, kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaifikia Marekani, na mwaka 1911 liliuzwa kwa takriban dola 2,250. Lina viti viwili, halina milango wala paa, na mbele ya dereva kuna kioo kimoja cha duara kilichofungwa kwenye nguzo ya usukani. Kiwanda kilimhakikishia mnunuzi kwamba litapita kilomita 110 kwa saa. Watu walilinunua wakalipeleka mashindanoni, nalo likashinda.

Swali linaloniumiza linakuja siku ya pili baada ya mnada. Mnunuzi alifanye nini? Alipeleke kwa mafundi walibandue mpaka chuma kibaki kitupu, wapige rangi upya, washone ngozi mpya na kung'arisha shaba mpaka mtu ajione ndani yake? Au aliache na rangi iliyopasuka, ngozi iliyochanika na alama za mikono ya watu waliokwisha kufa?

Wanaotaka lifanywe jipya wana hoja nzito. Magari haya yalikwisha kuwa takataka. Yalilala mabandani kwa miongo mingi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mengi ya rika hilo yalikusanywa kama vyuma chakavu. Yaliyopona yalipona kwa sababu kuna watu waliyaokota, wakayachongea spea zisizouzwa popote, wakayarudisha barabarani. Pia kuna suala la usalama. Breki za Mercer hazigusi magurudumu ya mbele, na spoku zake ni za mbao. Mbao iliyokauka kwa zaidi ya miaka 100 si ya kuchezea kwenye mwendo ule. Na wanaongeza, kwa haki kabisa, kwamba siku lilipotoka kiwandani gari lile liling'aa, kwa hiyo uchakavu nao hauonyeshi jinsi mnunuzi wa 1911 alivyoliona.

Nakubali hayo yote, lakini bado naona upande wa pili haujasikilizwa vizuri. Mtu anayesema "liacheni" hudhaniwa kuwa mvivu, au mpenzi wa kutu, au bahili aliyekwepa gharama za fundi. Anachokilinda ni ushahidi.

Chukua hilo suala la rangi. Raceabout nyingi zinazoonekana leo kwenye maonyesho ni za njano, njano ileile inayopendeza kwenye picha. Fundi akiulizwa kwa nini amechagua njano ile, mara nyingi ataonyesha gari jingine lililopigwa rangi kabla ya lake. Na la kabla ya hapo lilifuata lipi? Safu ya rangi iliyopigwa kiwandani, hata ikiwa imebaki kipande cha kiganja chini ya kiti, inaweza kupimwa. Inaonyesha ilikuwa ya aina gani, ilipigwa mara ngapi, na mistari ya mapambo ilipita wapi. Msasa ukishapita, hakuna kinachobaki cha kupimwa, na tunabaki kufananisha rangi mpya na rangi mpya nyingine. Kosa la fundi mmoja linarithiwa na wote wanaomfuata, na baada ya miaka 30 linaitwa asili.

Linalofuata ni zito zaidi. Mercer haikutengeneza Raceabout peke yake. Iliunda pia magari ya familia kwenye mitambo ya aina hiyohiyo. Kwa kuwa Raceabout ndiyo yenye bei, kuna magari ya familia yaliyovuliwa bodi zake na kuvishwa bodi ya michezo. Gari likishafanywa jipya kila mahali, mnunuzi atatofautishaje? Matundu ya misumari ya zamani yamezibwa, mikwaruzo imefutwa, kila boliti inang'aa sawa na nyingine. Gari chakavu linajieleza lenyewe: ngozi imechakaa pale palipoegemewa, na wenzo wa gia, ambao kwenye Mercer uko nje ya bodi, umelika pale mkono ulipokuwa ukiushika.

Kuliacha gari hivyo hakumaanishi kuliua. Itazameni Locomobile namba 16, iliyoshinda mbio za magari za kombe la Vanderbilt kule Long Island, New York, mwaka 1908, gari la kwanza la Kimarekani kulitwaa. Mchoraji Peter Helck aliichukua mwaka 1941, akaitunza na rangi yake iliyochoka na namba yake ubavuni, na alikuwa akiiendesha. Leo iko katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, bado haijapigwa rangi. Fred Simeone, daktari wa upasuaji wa neva aliyejenga makumbusho ya magari ya mashindano Philadelphia, alitetea msimamo huo maisha yake yote, na magari ya makumbusho yale hutolewa nje yakawashwa mbele ya watu.

Kwa hiyo spoku zilizooza zibadilishwe, tairi zibadilishwe, breki zishughulikiwe na fundi anayezijua. Vilivyotolewa vifungwe, viandikwe majina na viuzwe pamoja na gari siku likiuzwa tena. Rangi, ngozi na mbao za sakafu hazimsimamishi mtu njiani, na sioni kinachozifanya ziguswe.

Wauzaji nao wangeweza kusaidia. Badala ya picha 40 za gari linalong'aa kwenye majani, watoe picha za chini ya viti, za upande wa ndani wa boneti na za namba zilizogongwa kwenye injini, kisha waseme wazi kipi ni cha kiwandani na kipi kimeongezwa, na mwaka gani.